Namba ya Mpaka

Siku hizo kila kaya ilikuwa na mtandao wake, na sheria ilikataza sauti ya kaya moja kuvuka ukuta wa nyingine. Nyamizi, fundi wa mitandao, alitumwa nyumbani kwa Bi Sikudhani baada ya programu mpya ya usimamizi kuonyesha hitilafu.

Aliipata upesi. Namba ya mpaka, ile inayoiambia mitambo kaya inaishia wapi, ilikosewa tarakimu moja, na nyumba mbili zikahesabiwa kuwa moja. Kumbe ndiyo maana spika ya ukutani ilileta kishindo cha kinu cha jirani, na sauti ya mtoto akikariri saba mara moja, saba mara mbili.

Nyamizi alisimama akisikiliza. Alikumbuka kwa bibi yake Tabora, majirani walivyoombana chumvi kwa kupaza sauti tu, na jibu likarudi pamoja na kicheko.

“Mwanangu, usiiguse,” Bi Sikudhani alisema. “Mwaka wa tatu huu tunakaribishana chakula.”

“Mama, nikiiacha, wakaguzi watawazimia mtandao nyote.”

“Basi mngoje mtoto afike saba mara kumi.”

Nyamizi alingoja. Mtoto alipomaliza, aliirekebisha namba, na programu ikaonyesha kijani.

Bi Sikudhani akapakua wali, akaugeukia ukuta kama alivyozoea. “Karibuni chakula,” akasema, kisha akaketi akisubiri waitikie.