Fedha kwa Daktari

Miezi sita ya dawa za kifua kikuu ilikuwa imekwisha. Rukia alimpakata mwanawe, na kabla picha ya mapafu haijatolewa kwenye bahasha, akababaika: "Daktari, nimekuletea fedha."

Daktari Salha akauvuta mkono nyuma. "Mama, hapa hatupokei hongo!"

"Jamani, siyo pesa! Ni fedha ya sonara."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na kidani chenye umbo la mapafu mawili.

Daktari akacheka mpaka machozi, akakining'iniza kidoleni. "Hata pafu la kushoto kalifanya dogo, ndivyo lilivyo!"

"Na ya mwanangu, je?"

Kicheko kikakatika. Daktari akaitoa picha kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidani kilitetemeka, Rukia hakujua kama ni upepo au ni mkono.