Majina Yenye Msalaba

Katekista alikuwa anasoma orodha ya marehemu wa Novemba, akakwama. "Tumwombee marehemu Vo... Vorgantili."

Nilishika benchi. Huyo ni mfalme wa kitabu cha pili!

Riwaya ninayoisoma ina vitabu kumi na vinne na watu wasiohesabika. Bila mwongozo wa majina ya wahusika husogei. Nimeuchapisha Sumbawanga mjini, karatasi sitini, kila anayekufa kawekewa msalaba. Mimi niko kitabu cha sita, kwa hiyo wanaokufa mbele nimewabandikia vikaratasi nisiwaone.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekuta orodha yako mezani," alininong'oneza. "Marehemu wote hao, na huwaombei? Nimewaandika wote nikamletea katekista."

"Hata niliowafunika?"

"Nimebandua. Marehemu anafichwa?"

Nikaziba masikio. Nilichelewa.

"Tumwombee marehemu Orvek."

Orvek! Jana tu nimemwacha mzima, anavuka mto na farasi wake, na nilikuwa na vitabu vinane vya kuwa naye.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," kanisa zima likaitikia.

Mama aliyaona machozi, akanipa ncha ya kitenge chake.

"Pole, mwanangu. Huyo alikuwa nani kwako?"