Uso wa Baba Mkwe

Maziwa yalimtoka mtoto puani, kisha pumzi ikamkwama.

Tupokigwe aliweka chini kikombe cha bati, kile chenye picha ya Malkia mpya wa Uingereza, akamwinua mtoto begani. Kaakaa lake lilikuwa wazi, na mdomo wa juu umepasuka hadi puani, kwa hiyo alilishwa kwa kijiko, tone kwa tone.

"Kwetu mdomo huu haujawahi kuwapo," mama mkwe humwambia kila siku. "Umeutoa kwenu."

Leo mama mkwe alikuwa amekwenda kisimani. Aliyebaki ni baba mkwe, ameketi nje karibu na mlango, na mke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe. Tangu aolewe, Tupokigwe alimjua mzee huyo kwa kikohozi na visigino tu. Mzee akipita, yeye hujificha migombani.

Mtoto akaanza kulegea.

Alitoka mbio, khanga ikamdondoka kichwani. "Baba, nisaidie!"

Mzee alimpokea, akamlaza kifudifudi juu ya mkono, akamgongagonga mgongoni. Maziwa yakamwagika. Mtoto akalia.

Ndipo Tupokigwe alipouona uso. Masharubu yalikuwa yameachana katikati, na hapo mdomo wa juu wa mzee ulikuwa umepasuka hadi puani.

Mzee akamrudishia mtoto, akauziba mdomo wake kwa kiganja.

"Rudi ndani," alisema. "Hujaniona."

Kutoka migombani, sauti ya mama mkwe ilikuwa inakaribia. Tupokigwe alibaki amesimama mlangoni, kichwa wazi.