Kanga na Wasomi wa Tangu Jana

Mwaka wa pili tangu wanyama wapate chuo kikuu, Kanga alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kutoka kichakani kwao, na mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kwanza Profesa Bundi alifundisha asubuhi nzima bila kumeza mate, kisha akauliza, "Nani hajaelewa?"

Nyumbu, wasomi wa tangu jana, wakaitikia kwa vichwa kwa busara kubwa kwamba wameelewa. Kanga hakuwa ameambulia hata neno. Mtihani ulikuwa kesho, na kufeli ni kurudia mwaka. Angemwambia nini mama? Naye akaitikia kwa kichwa.

Mjusi, aliyekaa kando yake, akaona machozi yanamlenga. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Loo! Na huyu naye alifikaje chuo?" Nyumbu wakacheka, huku wakitoa kalamu mbiombio. Bundi akaeleza upya, polepole, na hakuna nyumbu aliyeacha kuandika.

Walipotoka, Kanga akasema, "Ahsante, kaka. Kumbe hata wewe hukuelewa?"

"Nilielewa, mdogo wangu. Somo hili ninalirudia. Mwaka jana hakuna aliyeitikia kwa kichwa vizuri kunishinda."