Aliyerudi Kutoka Kituo cha Mifupa

Sheria ilikuwa kwamba mtoto wa farasi akizaliwa na matege apelekwe kituo cha mifupa kabla hajatimiza wiki mbili. Nasieku, mfugaji wa Monduli, alimpeleka wake huku akilia. Siku ya tatu daktari wa mifugo alimrudisha, miguu imenyooka kabisa, mwendo hauna kasoro.

Farasi jike akamnusa mwanawe, akalaza masikio nyuma, akampiga teke.

"Hamtambui," Nasieku alisema. "Daktari, mlimnyoosha mifupa, au mliotesha mwingine kutokana na damu yake?"

Daktari alijikuna kidevu. "Mama, kwa sheria ni yuleyule."

"Sikukuuliza sheria."

"Namba ya sikioni ni ileile," akajibu, akapanda gari lake akaenda zake.

Nasieku akapasha maziwa, akayatia kwenye chupa. Mtoto alinyonya kwa pupa, akamwegemezea shingo yenye joto. Nasieku akaanza kumpapasa, kisha mkono ukasita. Hakujua kama amshukuru Mungu kwa huyu aliyerudi au amlilie yule aliyekwenda. Kule zizini farasi jike aliendelea kuita, uso ameuelekeza kwenye barabara ya kituo.