Msimu wa Mwisho wa Namba Nne

Torgny Stålnacke alijua wamemchoka siku meneja alipomwekea andazi la pili kwenye sahani.

Kahawa na andazi moja la mdalasini ni jambo la kawaida. Kwetu mjini Granåker hata fundi anayekuja kusoma mita ya umeme hupewa. La pili huja na habari mbaya. Ndivyo Enar, kipa wa zamani, alivyoachwa, na baada yake mabeki wawili, wote wakitoka ofisini na sukari midomoni.

"Goti linaendeleaje?" aliuliza Birger, meneja wa timu, akitazama theluji dirishani. Ilikuwa Novemba.

"Halina neno."

"Na mwenyewe je? Unaonaje mambo?"

"Siwezi kulalamika."

"Vizuri, vizuri," akasema Birger, kisha wakaongea habari za uwindaji mpaka kahawa ikapoa.

Torgny alikuwa na miaka thelathini na saba. Misimu kumi na sita alikuwa beki wa hoki ya barafu katika timu hiyo hiyo moja, na meno yake manne ya mbele aliyaacha kwenye barafu ya uwanja ule. Mkataba wake ulikuwa unaisha Aprili. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kucheza tena. Mwaka mmoja, hata kwa nusu mshahara. Mwili ulikuwa bado unaweza. Kazi nyingine ya kumtoa kitandani asubuhi hakuijua, wala hakutaka kuijua.

Januari akaitwa tena. Maandazi mawili.

"Goti?"

"Zima."

"Nyumbani?"

"Wazima."

"Na wewe, Torgny, unawaza nini kuhusu... huko mbele?"

"Huko mbele kuna mechi Alhamisi."

Birger alicheka kidogo, akasukumia ugoro chini ya mdomo wa juu.

Torgny alitoka pale amejaa hasira. Kama wanamfukuza, si waseme! Lakini ndio watu wetu hao. Jirani akikuudhi kwa kelele za mashine ya kufulia, unambandikia kikaratasi mlangoni bila jina lako, kesho yake unamsalimia kwenye ngazi kana kwamba hakuna kitu. Uso kwa uso, hapana.

"Si umuulize tu?" alisema mkewe, Annelie, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka kusikia hayo. "Mnanitaka au hamnitaki? Maneno matatu hayo!"

"Nikajipendekeze? Mtu anayekutaka anakwambia."

"Na wewe umemwambia unachotaka?"

"Namwambia kila Alhamisi, barafuni."

Kweli, mchezo wake ndio uliomsemea. Alijirusha mbele ya kila shuti. Alivunjika kidole, akafungwa bandeji, akarudi kabla kipindi hakijaisha. Kocha alimwacha uwanjani dakika ishirini na nne kila mechi, nyingi kuliko hata za mabeki wenye miaka ishirini.

"Wanakukamua mpaka tone la mwisho, babu," kipa alimtania wakivua viatu vya barafuni. "Halafu bucha."

Wote walicheka isipokuwa yeye. Timu haikuwa hata imetafuta beki wa kuchukua nafasi yake, na hilo nalo lilimchoma. Miaka yote hiyo, halafu pengo lake halihitaji hata kuzibwa!

Februari hapakuwa na maandazi. Mezani palikuwa na keki nzima ya kijani, ile ya sherehe, na macho ya Birger yalikuwa mekundu.

"Bodi imekaa," alisema. "Tunataka kuipandisha jezi yako. Namba nne. Baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani."

Jezi ikipandishwa kwenye dari ya uwanja haishuki tena, na namba ile haivai tena mtu yeyote, hata mwenyewe. Granåker ilikuwa imetoa heshima hiyo mara mbili tu. Kuikataa ni kuutukana mji mzima. Kuikubali ni kukubali kwamba umekwisha.

Torgny alitamani kuipindua meza ile na keki yake. Alitamani kupiga kelele kwamba yeye bado yupo, wapumbavu nyie, bado yupo!

"Ni heshima kubwa," alisema.

"Una uhakika?"

"Kabisa."

"Haya. Vizuri," akasema Birger, na akaikata keki ovyo ovyo, vipande vikaanguka kwenye nyaraka zake.

Siku ya mechi ile ya Machi watu elfu nne walisimama wote. Walishinda mabao matatu kwa mawili, na bao la pili lilitokana na pasi yake. Kisha taa zikapunguzwa, wakamkabidhi kamba aivute mwenyewe. Akaivuta. Kwa hasira aliyokuwa nayo angeweza kuling'oa hata paa. Annelie alilia. Torgny alizitabasamia kamera kwa lile pengo lake la meno, na moyoni alimlaani kila mwanabodi kwa jina lake.

Jezi ikagonga dari. Mhudumu akaifunga kamba.

Ndipo Birger akafanya jambo ambalo watu wa Granåker hawalifanyi. Alimkumbatia mbele ya uwanja mzima, akamlilia begani.

"Sasa naweza kukwambia," alimnong'oneza. "Mkataba wako mpya wa miaka miwili niliuandaa tangu Oktoba. Kila ulipokuja ofisini nilisema moyoni, leo ataomba kuendelea. Hukuomba, nikajua umechoka na unaona haya kutuambia."