Ufunguo kwa Kihispania

"Sema, mzee wangu. Neno moja tu. Moja!"

Mwalimu aligonga ubao kwa chaki mpaka chaki ikavunjika. Wanafunzi wengine watano walishakwenda zao. Darasani alibaki yeye na Mzee, dawati la mbele, kimya kama maji ya mtungi.

Ubaoni palikuwa na neno llave. Kwa mara ya ishirini mwalimu akalieleza. Maana yake ufunguo. Linaandikwa kwa l mbili mwanzoni, lakini hizo l mbili usizisome kama l, zisome kama y. Kwa hiyo, yave. Mtoto wa chekechea angelishika kwa siku moja.

"Ya-ve," akasema, mdomo wazi kama anayekaguliwa meno. "Haya, zamu yako."

Mzee akaangalia ubao. Akaangalia midomo ya mwalimu. Wapi!

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu Mzee anafika wa kwanza, anakaa mbele, shati limepigwa pasi, mkono wa kulia kautia mfukoni kama bwana mkubwa anayesubiri gari lake. Akiulizwa, hajibu. Akisalimiwa, anainamisha kichwa. Kuandika anaandika, kwa mkono wa kushoto, herufi zimelalia huku na huku, ila hakosei hata moja. Mwalimu alishaamua kwamba anakopi ubaoni, na kwamba kinachomziba mdomo ni kiburi cha uzee, basi.

Na kesho ni Ijumaa. Mwenye chuo anakuja kusikiliza darasa. Alishasema wazi: mwalimu yuko kwenye majaribio, na akimkuta mwanafunzi hata mmoja asiyeweza kutamka maneno kumi ya kwanza, darasa linafungwa na mwalimu anarudi alikotoka. Alikotoka ni duka la vitambaa, kusimama kutwa na futi kamba shingoni, miguu imevimba. Lugha yenyewe alijifunzia huko huko, miaka minne, kwa kitabu cha mtumba, anapima kitambaa huku ananong'ona. Leo kazi yake yote imekalia ulimi wa mzee mmoja, na ulimi wenyewe hausogei. Inauma, asikwambie mtu.

Akafuta ubao, akaandika upya kwa hasira: el llave.

Mzee akagonga dawati kwa kidole. Ko, ko, ko.

"Unabisha hodi?" mwalimu akafoka. "Mlango uko wapi hapo?"

Mzee akagonga tena, macho kwenye ubao. Mwalimu akageuka, akaona. Kwa Kihispania llave ni neno la kike, hutanguliwa na la, siyo el. Akarekebisha haraka, masikio yanamwaka moto. Amebahatisha huyu, akajiambia.

"Kama makosa yangu unayaona, basi na kusema unaweza. Sema!"

Mzee akakaza shingo. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mdomo ukapinda kama wa mtu aliyelamba ndimu, na sauti ikatoka nzito, imekwaruza, kama inavutwa kwa kamba kutoka kisimani.

"Ya... be."

"Nini?"

"Yabe." Safari hii midomo haikugusana sawasawa, hewa ikapita katikati. Mzee akatabasamu, akaanza kutikisika mabega, machozi yakamlengalenga.

"Yabe!" Mwalimu akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wiki tatu nampigia mbuzi gitaa, ndio unaniletea yabe? Hiyo b umeitoa wapi? Kuna b hapo? Na bado unanicheka mpaka machozi! Sasa nisikilize vizuri, mzee wangu. Kama huwezi kutamka kama ninavyokufundisha, usifungue mdomo tena mpaka nikuruhusu. Tumeelewana?"

Tabasamu likamfutika Mzee usoni. Akainamisha kichwa kwamba ameelewa.

Binti yake akatokea mlangoni, kama kila siku, kuja kumchukua. Mwalimu hakumpa hata nafasi ya kusalimia.

"Dada, kaa na baba yako nyumbani. Mimi nimenyoosha mikono. Wiki tatu hajatamka kitu, leo ndio kafungua mdomo, na neno lenyewe kakosea."

Mkoba ukamponyoka binti. "Amesema?"

"Ndiyo. Kasema yabe, badala ya..."

"Amesema!" Binti akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la chaki, akamshika baba yake mashavu, analia na kucheka kwa pamoja. "Baba! Umesema kweli?"

Mwalimu akabaki na kipande cha chaki mkononi. "Kwani vipi?"

"Miezi saba, mwalimu. Tangu kiharusi kimwangushe hajatoa neno, hata jina langu. Nilikuficha, unisamehe. Kwenye vyuo viwili walimkataa nilipowaambia. Daktari alisema tumpeleke mahali atakaposikia maneno aliyoyazoea, huenda moja likamrudia." Akafuta pua kwa kiganja. "Kafundisha Kihispania miaka thelathini na moja. Na hilo yabe hajakosea, alinifundisha tangu utotoni kwamba v yao husomwa kama b. Baba, sema tena. Sema, mwanao nisikie."

Mzee hakufungua mdomo. Alimtazama mwalimu, akanyoosha mkono wa kushoto juu, akasubiri kuruhusiwa.